Barua ya wazi: Mjomba wangu alikuwa mtarikhi, mpeni jina lake

Kwa Waheshimiwa wakuu wa Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na wa Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, Kilimani.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikieni kutoka Mtambwe, Pemba. Nimesomesha skuli miaka 31, Kiswahili na historia, na sasa nimestaafu. Nakuandikieni kwa ajili ya neno moja, mtarikhi, yaani mwenye kuhifadhi mambo yaliyotokea pamoja na wakati wake. Najua meza zenu zina mambo mazito zaidi ya neno, lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwani neno hili limenifunga mlango usoni, na nyuma ya mlango ule kuna mambo ya watu wengi ambayo yanaliwa na mchwa hivi sasa ninapoandika.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpimaji karafuu. Msimu ukiwadia alikaa chini ya mwembe na pishi yake, wachumaji wakaja mmoja mmoja na mapakacha yao, naye akapima na kuandika: fulani pishi kadhaa, fulani pishi kadhaa. Hilo lilikuwa daftari la kazi, na likimalizika hukabidhiwa mwenye shamba. Lakini alikuwa na daftari jengine, la jalada jeusi, lake mwenyewe. Hilo aliliandika usiku baada ya Isha, kwa taa ya chemni, amekaa kwenye mkeka na daftari juu ya goti. Aliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, polepole, na kila habari aliianza kwa neno moja: Tarehe.

"Tarehe 3 Mfunguo Saba. Mvua usiku kucha. Hapana dau lililovuka kwenda Wete. Maiti aliyekuwa azikwe asubuhi amezikwa baada ya Alaasiri, kwa kuwa sanda haikupatikana mapema."

"Tarehe 21 Shaabani. Leo karafuu zimeanikwa majamvini kwa mara ya kwanza msimu huu. Wachumaji wamekataa bei ya pishi, wameondoka, wamerudi jioni baada ya kuongezwa."

"Tarehe 10 Mfunguo Sita. Maulidi yamesomwa. Waliotoka ng'ambo ya Wete ni wengi kuliko mwaka jana. Mbuzi watatu."

Alianza mwaka 1938 akaacha 1979, macho yalipomshinda. Daftari saba. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anaandika nini kila usiku, akaniambia: "Hii ni tarehe ya Mtambwe." Mimi nilidhani ananitania, kwani tarehe kwangu ilikuwa ile namba mwalimu anayoiandika pembeni mwa ubao. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba hakuwa akitania hata kidogo.

Miaka ya karibuni nilizichukua daftari zile nikazipeleka ofisi moja, mjini. Sitaitaja, wala sina ugomvi na kijana aliyenipokea; alinipa kiti, alinipa maji, aliniita mwalimu. Akatoa fomu. Akaniuliza: "Mwandishi wake alikuwa mwanahistoria?" Nikamwambia hapana, alikuwa mpimaji karafuu. "Alikuwa mtafiti?" Hapana. "Mwandishi wa vitabu? Mwandishi wa habari?" Hapana, hapana. Kalamu ikasimama. Akatafuta kwenye fomu, akapata mahali palipoandikwa "Nyengineyo", akatia alama hapo. Miezi kadhaa baadaye nikaitwa nikachukue mzigo wangu, kwa kuwa "si kumbukumbu rasmi". Zilikuwa saba nilipozipeleka. Niliporejeshewa zilikuwa sita, na mbili katika hizo zimeingia maji.

Nilirudi na boti usiku ule nikiwa na uchungu, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza: kama kijana yule angekuwa na neno la kumwita mjomba, angeliandika nini? Nikaanza kuyapitia maneno tuliyonayo, na nikaona kwamba yote yameshachukuliwa.

Liangalieni neno "habari". Zamani lilikuwa ndilo neno la kazi hii. Wazee wa Lamu waliposimulia mambo ya mji wao waliyaita khabari za Lamu, na za Pate vivyo hivyo. Leo ukisema "mwandishi wa habari" kila mtu anamuona mtu wa redio na kinasa sauti chake. Neno limehama, na sidhani kuwa litarudi, wala si kosa la waandishi wa habari. "Karani" ni mtu wa ofisi. "Mtunza kumbukumbu" naye ni mtu wa ofisi, ana majalada na funguo. "Mwandishi wa kumbukumbu" ni katibu wa kikao. "Msimulizi" anatumia mdomo, na mjomba hakuwa msemaji kabisa. "Mpokezi" ni neno lenye heshima kubwa kwetu, kwa vile tunalitumia kwa waliopokea hadithi za Mtume, na yeye mwenyewe asingethubutu kujivika. "Mnukuzi" ananakili kilichokwisha kuandikwa na mwengine.

Likabaki "mwanahistoria". Neno hili silipingi, nimelitumia darasani maisha yangu yote. Lakini tazameni lilivyojengwa. Mwanachama ni wa chama, mwanasheria ni wa sheria, mwanachuoni amelelewa na chuo mpaka akawa bahari ya elimu. Mwanahistoria basi ni mtu wa historia, aliyelelewa na fani hiyo: amesoma, amelinganisha, amepima, ametoa hukumu yake. Jina linasema anakotoka mtu. Halisemi kwamba huyu ndiye aliyekaa usiku ule ule, mvua ingali inanyesha, akaandika kuwa dau halikuvuka. Na kwa mazoea ya siku hizi limepanda juu zaidi: mpaka uwe na shahada, mpaka uwe umetoa kitabu. Kwenye redio mwenye shahada anatambulishwa "mwanahistoria", na bwana wa miaka 80 aliyeyaona mambo kwa macho yake anatambulishwa "mzee maarufu, mkaazi wa shehia fulani". Uzee wake ndio unaotajwa, kazi yake haitajwi.

Waheshimiwa, sisi tulikuwa na neno. "Tarehe" tuliyonayo leo imebaki na nusu ya maana yake. Kiarabu kilikotoka, tarikh ni siku ya mwezi na pia ni habari za kale zilizopangwa, na muarrikh ni yule mwenye kuzitia siku zake. Wazee wetu walilipokea na maana zake zote mbili. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa mwalimu na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoandika maisha ya Imamu Shafi na ya wanavyuoni wakubwa wa Afrika Mashariki aliita kitabu chake Tarehe. Hapana msomaji wa wakati ule aliyedhani kwamba anauziwa kalenda. Mjomba naye hakunitania.

Na kwa wazee waliosoma vyuoni nimelisikia neno "mtarikhi". Sikulitunga mimi. Barazani utamsikia mmoja akisema "fulani alikuwa mtarikhi", na wenzake wanafahamu bila kuulizana. Linakaa vizuri mdomoni, limepita njia ile ile walikopita mhariri, mfasiri, mhasibu na mhadhiri. Atakayeona "kh" ni nzito aandike "mtarihi". Kwa hilo sitagombana na mtu. Nitakalogombania ni maana: mtarikhi ni mwenye kuandika, au kuhifadhi kwa njia yoyote iliyo imara, jambo lililotokea pamoja na wakati wake, akiwa amelishuhudia au amelipata kwa aliyelishuhudia.

Nasema "pamoja na wakati wake" kwa kusudi, na hapa naomba mnivumilie, kwa vile ndipo penye uzito wa haya yote.

Hapa kwetu Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilifukuliwa hazina ya sarafu. Za fedha zilikuwa zaidi ya 2,000, sarafu ndogo ndogo nyepesi kama magamba ya samaki, na pamoja nazo dhahabu chache. Zile za fedha ni za watawala wa pwani yetu wenyewe. Zina jina la mtawala, zina maneno ya kumtukuza Mungu yenye vina upande mmoja na mwengine, tena vina vizuri. Lakini hazikutiwa tarehe. Aliyezipiga aliona jina linatosha. Kila mtu sokoni siku ile alimjua mtawala wake. Waliokuja kuzichunguza wakajua wakati wake kwa zile dhahabu, ambazo zilitoka mbali, kwa Wafatimi, watawala wa Misri wa zama zile, nao walikuwa na desturi ya kuzipiga mwaka. Nimewasomesha watoto jambo hili mara nyingi, na kila mara roho inaniuma. Fedha yetu, ardhi yetu, majina ya kwetu, na tukangoja dinari ya mgeni ituambie tulikuwa karne gani.

Sasa vukeni mwende Unguja, Kizimkazi Dimbani. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili. Msikiti kwa nje ni wa kawaida, una paa la bati, ukipita haraka hutageuka kuutazama. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, herufi zimesukwa kama ukili. Mtoto mmoja wa kike alinyoosha kidole bila kugusa, akafuata mstari mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwalimu, mwaka uko wapi?" Tukamuomba mzee wa msikiti atuoneshe. Mwaka upo: 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jina la aliyeamrisha msikiti ujengwe limo. Mkono uliochonga hatuujui ni wa nani. Lakini kwa kuwa mkono ule ulitia mwaka, Zanzibar nzima inaweza kusema kwa uhakika kwamba miaka 900 iliyopita watu walikuwa wakisali hapa, kwenye jengo la mawe, na walikuwa na fundi wa kuandika namna ile. Tunaringa kwa jiwe lile, tunawaonesha wageni. Huyo aliyelichonga alikuwa mtarikhi. Nalitafuta neno jengine silipati.

Wapo watarikhi wasioshika kalamu kabisa. Makunduchi wazee wamehesabu mwaka wa Nairuzi, ule wa jua, kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua mvua na pepo, na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, ukasimama kwa hesabu hiyo. Mama wa bibi yangu alisemwa kuwa amezaliwa mwaka wa kimbunga, na kwa maneno hayo matatu tu najua ni 1872, kimbunga kilipoivunja mikarafuu ya Unguja na yetu ya Pemba ikasalimika. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, aliimba pia kesi na mambo ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja, ambayo daftari za serikali ziliyaandika vyengine au hazikuyaandika. Hawa sitawaeleza kwa urefu, ila nimewataja ili asije mtu akadhani nataka neno kwa ajili ya wanaume wenye wino tu.

Najua litakaloulizwa. Tukimpa kila mwenye daftari jina la mtarikhi, je, kila mmoja si ataandika lake? Hasa hapa kwetu, ambako mambo ya mwaka 1964 kila nyumba ina simulizi yake, na nyumba mbili zinazopakana zinaweza zisikubaliane hata jambo moja. Nalielewa woga huo, nami nimeishi humu humu. Lakini nimesomesha historia muda mrefu wa kutosha kujua kwamba habari mbili zinazopingana ni mali, na habari moja iliyobaki peke yake ndiyo ya kuogopa. Tarehe ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: kwa Kireno, katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, na kwa Kiarabu, katika nakala iliyotunzwa hapa Unguja mpaka Sayyid Barghash akampa John Kirk, balozi wa Uingereza. Nakala hiyo leo imo London. Hazikubaliani kila mahali, majina na miaka inapishana, na katika kupishana huko ndimo wataalamu walimopata kazi ya kufanya. Watu wa Lamu na watu wa Pate nao hawakuisimulia vita ya Shela, waliyopigana wao kwa wao, kwa namna moja. Kuamua ni kazi ya mwanahistoria. Mtarikhi akinyimwa nafasi, mwanahistoria atakuja na mizani yake akute hapana cha kupima.

Tena mjomba hakuwa na upande katika mbuzi watatu wa maulidi. Sehemu kubwa ya yanayopotea ni ya namna hii: bei ya pishi, siku ya mvua, nani alivuka, sanda ilipatikana lini. Hakuna chama kinachoyagombania. Yanapotea kwa sababu hayana pa kukaa.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya. Baraza la Kiswahili, nyinyi mlitutolea Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, mkaenda mbali zaidi mkatuandikia na lahaja zetu, Kipemba chetu kikiwemo. Siku niliyolifungua lile la Kipemba niliwaita majirani. Basi rudini kwenye "tarehe", mrejesheeni maana yake ya pili isimame wazi, na mumuingize "mtarikhi" kwa maana yake kamili, pembeni ya mwanahistoria, kila mmoja na kazi yake. Mtumeni mtu akakae kwenye mabaraza ya Wete, Chake, Mkoani, Donge, Tumbatu, asikilize watu wanavyowaita wenye kazi hii. Huenda yapo maneno bora kuliko langu. Likipatikana bora nitaliacha langu nifuate hilo.

Wa Nyaraka, mna hazina pale Kilimani ambayo dunia imeikubali. Maandishi yenu ya Kiarabu yameingizwa kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2003. Naomba mlango ule uliowapokea wanavyuoni na masultani umpokee na mpimaji karafuu. Fomu zenu, na za ofisi nyengine zinazopokea vitu kama hivi, ziwe na mahali pa kuandika "mtarikhi". Hili si jambo la karatasi tu. Kijana yule hakuwa na chuki. Hakuwa na kisanduku. Na kuna jambo la haraka zaidi: wanaoweza kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, zile za mkono, za kukimbia, zisizo na irabu, wanapungua kila mwaka. Mimi mwenyewe kuna kurasa za mjomba sizipati. Kuna mzee mmoja kijiji cha jirani ndiye anayenisomea, naye sasa haoni vizuri mpaka jua liwe kali. Tumeni vijana wakae nao wakajifunze kabla mambo hayajachelewa.

Wapitieni na masheha. Kila shehia ina daftari la wakaazi, nani kazaliwa, nani kahamia, nani kafa, na sheha anapobadilishwa sijui daftari la zamani huishia wapi. Nimeona moja likifungiwa njugu.

Na Wizara ya Elimu, ombi langu kwenu ni jepesi. Mtoto wa darasa la sita apewe daftari moja kwa mwaka, aandike mambo ya mtaani kwake, kila habari na tarehe yake: mvua ya kwanza ya masika, mnazi ulioanguka, boti iliyokawia, bei ya pweza sokoni. Mwisho wa mwaka daftari libaki skuli. Nilifanya hivi kwa miaka minne ya mwisho ya kazi yangu, bila kuagizwa na mtu. Mwaka wa kwanza waliandika "leo tumekula wali". Wa pili mmoja akaandika siku ambayo kisima cha kijiji kilitoa maji ya chumvi kwa mara ya kwanza, akataja na saa. Maofisa wa maji walipokuja baadaye kuuliza kisima kimeharibika lini, watu wazima walibishana, na mtoto akatoa daftari lake.

Daftari nne za mjomba zilizosalia nzima ziko kwangu. Nimezifunga kwenye kanga ya marehemu mama, zimo ndani ya sanduku, na kila mwezi nazitoa nazianika kivulini kwa saa moja. Mbili zilizoingia maji nimezitenga, kurasa zimegandana na sijathubutu kuzifungua kwa mkono wangu. Hiyo ya saba kama ipo mahali imekaa katika rafu, ni ya miaka ya 1951 hadi 1957, jalada lake jeusi lina alama ya kikombe cha kahawa juu ya pembe ya kulia. Nipo tayari kuvuka nazo wakati wowote nitakapoitwa, nizikabidhi kwa mkono wangu, na nijaze fomu upya.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu,
Mtambwe, Wete, Pemba